Sura ya Mwenyekiti Aliyeng'olewa

Chelagat alikuwa amebobea katika jambo ambalo shangazi zake wa Adelphi, Marekani, hawakuona faida yake: jinsi watawala wa China ya kale walivyoandika historia za watawala ambao wao wenyewe waliwaangusha. Chuoni College Park walimsifu. Nyumbani waliuliza ataolewa lini.

Chama cha Wakenya wa eneo hilo kilipotimiza miaka ishirini, mwenyekiti mpya, Kipchumba, alimkabidhi kumbukumbu zote za mikutano aandike kitabu cha historia ya chama. Mwanzilishi wa chama, Mzee Festus, alikuwa amekalia kiti miaka kumi na minane bila uchaguzi, mpaka Kipchumba akamng'oa kwa kura. Tangu hapo mzee hakukanyaga kikaoni.

Chelagat aliandika yote, ubabe na wema. Kipchumba aliposoma, alikunja uso kama aliyelamba shubiri.

"Huyu muandikie mstari mmoja: dikteta, tukamtoa. Hii story ya mazishi ya mama yangu inaingiaje?"

"Iko kwa minutes, uncle. Hukuwa na makaratasi ya kusafiri. Yeye ndiye alienda Kenya akamzika kwa niaba yako."

"Idelete! Watu watasema sina shukrani."

Kipchumba ndiye aliyempokea Chelagat alipoingia Marekani. Hata hivyo binti hakurudi nyuma.

"Uncle, watawala wa ukoo wa Ming walipowaondoa wale wa Yuan, waliamuru historia ya Yuan iandikwe, mabaya na mazuri. Na wewe kuna siku utaandikwa na atakayekutoa. Kama ni kufuta, tafuta mwandishi mwingine."

Kipchumba alizoa karatasi za kitabu akaondoka bila kuaga. Wiki mbili nzima Chelagat aliamini kazi yake imeishia jalalani, na ilimuuma.

Siku ya sherehe, ukumbi wa kanisa ulipigwa na butwaa: Kipchumba aliingia na Mzee Festus, baada ya kwenda mwenyewe kumchukua nyumbani kwake Sterling. Akafungua kitabu, akasoma makosa ya mzee bila kuruka hata moja. Festus akainamisha kichwa. Kisha Kipchumba akafika kwenye mazishi, akamgeukia mzee.

"Mzee, kukutoa tulikutoa, na leo tungekutoa tena. Lakini mama yangu ulimzika wewe."

Festus alicheka huku machozi yakimtiririka. "Kumbe mliandika!"

Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi, naye Chelagat akalia bila aibu. Wahenga hawakukosea: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.