Kichwa Kuvuka si Mkia Kuvuka

"Kichwa kuvuka si mkia kuvuka." Mmeisikia ikitamkwa, vijana, mkauliza chimbuko lake. Kaeni wima basi. Methali hii ilianza hivi.

Masika yalikuwa yamelilainisha tuta la reli kando ya mto Mbwele. Mafundi wakasimika vibao viwili: cha kwanza kiliamuru mwendo wa kilomita kumi kwa saa, cha pili kilionyesha mwisho wa amri hiyo. Asubuhi moja dereva Kapufi alifika hapo akiwa amechelewa saa mbili, na kuchelewa kulimuuma kuliko jino bovu. Hata hivyo, alipokiona kibao cha kwanza kwa mbali alianza kufunga breki, treni ikanyata. Abiria wakatoa vichwa madirishani.

"Dereva, tushuke tusukume?"

Kapufi alimeza mate machungu. Injini ilipopita tu kibao cha pili, mkono wake ukaenda kuongeza mwendo.

"Bado, mzee," alisema Chidumizi, msaidizi wake.

"Kibao hukukiona?"

"Nimekiona. Sisi tumevuka, lakini mabehewa kumi na mawili yangali juu ya tope. Tungoje bendera ya gadi kule behewa la mwisho."

"Wewe wa juzi unanifundisha kazi?"

"Ulinifundisha wewe, mzee."

Kapufi aliurudisha mkono. Treni ikazidi kutambaa, behewa baada ya behewa, naye akiyahesabu moyoni. Hatimaye bendera ya kijani ikapepea kutoka behewa la mwisho. Hapo ndipo alipoongeza mwendo.

Walipofika stesheni, gadi Mlugu alikuja mbio, kofia mkononi.

"Kokoto zilikuwa zikiporomoka mtoni chini yetu! Mngekaza mwendo, mngefika hapa na injini tu. Nimekwisha kuomba njia ifungwe."

Kapufi aliketi kwenye benchi, akawatazama abiria wa behewa la mwisho wakishuka: bibi na tenga lake la kuku, mama na mapacha, askari mmoja aliyekuwa bado akipiga miayo. Alipomwona wa mwisho amekanyaga sakafu, akashusha pumzi ndefu, akacheka peke yake.

Mkuu wa stesheni akamsogelea, uso umekunjamana. "Bwana Kapufi, saa mbili na ushei! Abiria wananiambia kibao ulikwisha kukipita, ukaendelea kutambaa. Una maelezo gani?"

Kapufi alisimama, akaiweka sawa kofia yake.

"Bwana mkubwa, kichwa kuvuka si mkia kuvuka."