Sheria Kinywani mwa Fisi

Mwaka ule nyika ya ng'ambo iliungua siku saba mfululizo, na waliosalimika na moto wakaanza kuwindwa na mbwa mwitu. Digidigi akavuka mto na mwanawe mmoja, kwato zimebabuka, akaingia nchi ya Simba akiwa hana kitu ila roho yake.

Kivukoni alimkuta Fisi, karani wa wageni. Kazi hiyo Fisi aliiomba mwenyewe, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

"Karibu," alisema Fisi, akimtazama mtoto kwanza. "Sheria ya hapa inasema mgeni hanywi bwawani mpaka apate kibali. Vibali hutolewa Jumatatu."

"Leo ni siku gani, Bwana Karani?"

"Jumanne."

Digidigi akashukuru. Wakawa wanalamba umande. Jumatatu ilipofika, Fisi alisema vibali vimekwisha. Jumatatu ya pili alisema mgeni halishi penye kivuli. Ya tatu, Swala, mkimbizi mwenzao, aliuliza sheria hizo kazitoa nani. Kesho yake hakuonekana.

"Nimemrudisha kwao," alieleza Fisi, akijilamba. "Na wewe, Digidigi, jina lako limo kwenye orodha ya wanaorudishwa. Keshokutwa nitakusindikiza mwenyewe. Mtoto pia. Sheria haitenganishi mama na mwana."

Digidigi alizifuata nyayo za Swala. Hazikuelekea mtoni. Ziliingia kichakani, na zilizotoka humo zilikuwa za Fisi peke yake.

Akamkimbilia Sungura, ambaye aliishi karibu na bwawa na hakupitwa na habari.

"Sheria hizo umezisikia kwa nani, dada?" aliuliza Sungura.

"Kwa Fisi."

"Mimi niliisikia kwa Simba. Aliitangaza mara tatu, maana aliipenda sauti yake. Aliyekimbia moto au meno atapokelewa. Atakunywa, atalisha, na akishtakiwa atasikilizwa barazani. Wala hatarudishwa kwenye kilichomkimbiza."

Digidigi aliketi chini. "Kumbe mwanangu amelala na kiu bure?"

"Bure kabisa. Fisi akija, mwambie: naomba kusikilizwa barazani. Mengine niachie."

Sungura akaenda kivukoni. "Hongera, Karani! Unasemaje Mfalme akikutuza paja moja kwa kila mgeni uliyemrudisha? Ningekuwa wewe, ningejitokeza barazani nikaitaja hesabu mbele ya wote."

Udenda ulimtoka Fisi.

Siku ikafika. Fisi alipomjia, Digidigi alisimama mbele ya mwanawe. "Naomba kusikilizwa barazani."

"Twende," alicheka Fisi. "Na mimi nina shughuli huko huko."

Barazani Fisi hakungoja kuitwa. "Mfalme, nimerudisha wageni kumi na wawili." Akayawaza mapaja. "Ishirini."

Simba aliinua kichwa taratibu. "Mimi nilisema asirudishwe hata mmoja."

"Walitaka wenyewe, Mtukufu."

Digidigi akasogea mbele.

"Mfalme, Swala hakutaka. Nyayo zake zimeishia kichakani, nyuma ya kivuko."

Walinzi wakatumwa. Walirudi na pembe, jozi baada ya jozi, wakazipanga chini mbele ya Simba. Zilikuwa jozi kumi na mbili. Ile hesabu ya kwanza ilikuwa ya kweli.

Simba hakusifika kwa huruma. Ila hakuwahi kuvumilia mtu alitafune neno lake. Aliinuka, akampiga Fisi kofi moja, na nchi ikakosa karani.

Mchana ule ule Digidigi alimpeleka mwanawe bwawani. Mtoto alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma. Mama alisimama kando akizihesabu moyoni zile pembe, kisha naye akainamisha shingo, akanywa.

Tangu hapo mgeni akivuka mto ule husomewa sheria yote kabla ya salamu, na anayeisoma humaliza kwa neno hili: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.