Joho la Wimbo wa Shusha

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, mji wa Morogoro ulikuwa na bendi ya roki iliyoitwa Ngurumo. Jina halikudanganya. Walipopiga, kuku walitimua mbio uani na majirani wakafunga madirisha hata wakati wa joto.

Walikuwa watatu. Novati alipiga gitaa, naye ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Tekla aliimba. Melkiori alipiga ngoma, na ndiye tutakayemfuata, maana yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Mpiga gitaa anaweza kujipigia peke yake sebuleni, na mwimbaji ataimba hata bafuni. Mpiga ngoma asiye na bendi ni mtu wa kugonga meza za watu na kufukuzwa.

Tatizo la Melkiori ni kwamba hakujua kupiga polepole. Novati alishamwambia, tena mbele ya Tekla, kwamba akikosea tena watatafuta mwingine. Melkiori alicheka kama vile ni utani. Alipofika nyumbani hakucheka tena.

Mazoezi walifanyia uani kwa mama yake Novati. Mama Novati alivumilia, akavumilia, mpaka siku kichwa kilipomuuma. Akatoka jikoni na mwiko mkononi, akamwambia mwanawe, "Shusha, mwanangu. Shusha kidogo, utaniua."

Sauti ikashuka, lakini lile neno lilimganda Novati kichwani. Akalitafutia mahadhi, akalifanya kiitikio cha wimbo wa polepole, ule wa kuanza kwa kunong'ona na kuishia gitaa na ngoma zikilia kwa nguvu zote. Yaani bendi ya makelele ikatunga wimbo wa kuomba utulivu.

Siku ya kurekodi, Tekla alikuja studio akitoka matangani. Walikuwa wametoka kumzika baba yake, mzee aliyebeba mizigo sokoni maisha yake yote. Alipofika kwenye kiitikio hakuwa akiimba habari za kelele tena. Alikuwa akimwambia baba yake atue gunia.

"Shusha," akaimba, na sauti ikamkatikia kooni.

Melkiori alipoisikia, kijiti kimoja cha kupigia ngoma kilimponyoka. Kimya. Hakuna ngoma, wala gitaa, maana Novati naye alikuwa amegeuka kumtolea macho. Melkiori akainama, akakiokota, na kwa ile hofu ya kufukuzwa akazipiga ngoma kama mtu anayevunja mlango. Wakamaliza hivyo hivyo. Walipotaka kurudia, umeme ukakatika na zamu yao ikapita. Wimbo ukatoka na kosa lake ndani.

Mwanzoni watu walizipigapiga redio zao wakidhani zimeharibika. Kisha wabeba mizigo wa sokoni wakauelewa. Ukifika pale penye kimya walitua magunia, na ngoma zikirudi walijipiga mapaja. Ukapigwa harusini, ukapigwa misibani. Majirani waliokuwa wakifunga madirisha wakayafungua wenyewe. Na kila ulipofika pale penye kimya, watu walilia.

Ndipo wanawake wa sokoni wakashona joho jeusi la nakshi za dhahabu, wakatarizi SHUSHA mgongoni. Mkubwa wao, Mama Siwatu, akalileta uani kwa Mama Novati, akasema wamekuja kumvisha mwenye wimbo.

"Mmoja," akasema. "Joho halivaliwi na bendi."

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mama Novati akasema, "Neno ni langu. Kisingeniuma kichwa, mngeimba nini?"

Novati akasema, "Shusha nani hajawahi kuisema, mama? Sokoni wanaisema kutwa. Mimi ndiye niliyeifanya iimbike."

Tekla akasema, "Kaka, watu hawalilii gitaa lako. Nilitoka makaburini na msiba wangu nikauweka mle ndani. Wanalia na mimi."

Mama Siwatu akamtaka Melkiori naye aseme lake.

"Mimi nilikosea," akasema. "Lakini angalieni wanalia wapi."

Mama Siwatu akaomba wapige, asikie mwenyewe. Novati akamwinamia Melkiori, akamnong'oneza kwamba leo asithubutu kuangusha kijiti. Melkiori akakishika kijiti mpaka vidole vikamuuma. Walipiga bila kosa hata moja, na Tekla aliimba vizuri sana. Hakuna aliyelia. Mama mmoja alijichokonoa sikio.

"Mmepiga vizuri," akasema Mama Siwatu, "ila huu si wimbo wetu."

Wakaanza upya. Novati hakumwambia Melkiori kitu safari hii, na Melkiori, asijue atakalo mwenzake, akazidi kukikaba kijiti. Tekla akalivuta lile neno na sauti ikaanza kumtetemeka. Mama Novati, aliyesimama mlangoni mwa jiko, akaviona vile vidole vya Melkiori.

"Shusha, mwanangu," akamwambia taratibu. Hakuwahi kumwita hivyo.

Kijiti kikaanguka. Uani pakawa kimya, na wanawake wa sokoni wakalia, na Mama Siwatu mwenyewe akajifuta uso kwa pindo la khanga. Kijiti kilibingirika mpaka miguuni mwa Novati. Novati akainama, akakiokota, akampa Melkiori kwa mikono miwili.

"Piga, ndugu yangu," akasema.

Melkiori akapiga huku machozi yanamtoka, na kuku wakatimua mbio. Tangu siku hiyo habari za kutafuta mpiga ngoma mwingine hazikusikika tena.

Lakini joho je? Mama Siwatu bado amesimama nalo, mkono umeshaanza kumchoka. Mwenye neno yupo pale, mwenye mahadhi yupo, mwenye msiba yupo, na mwenye kosa yupo. Ninyi mliokaa hapa mmewasikia wote. Mwambieni basi alishushe kwenye mabega ya nani. Je, nani alistahili?