Kwa Nini Mguu wa Ng'ombe Huwaka Moto Ukiugua

Zamani, ng'ombe hakujua kuchechemea. Mguu ulioza naye akaukanyagia hivyo hivyo, kimya, kama mke anayejua siri ya mumewe na bado anampakulia chakula. Haukuvimba, haukuwaka moto, haukuuma. Mwenye mali aliamka asubuhi akamkuta mnyama amelala hainuki, ndipo akainama kutazama kwato. Kwato yenyewe hakuna.

Si kwamba mwili wa ng'ombe haukuwa na walinzi. Walikuwamo tele ndani ya damu, weupe, wanene, wenye nguvu za kummeza adui mzima mzima. Ila walikaa kwenye tezi zao, zile za mbele ya bega na zile za juu ya goti la nyuma, wakila na kupiga soga. Walizoea maadui wa mdomoni na wa kwenye chuchu, wale wanaoingia kwa fujo. Mambo ya huko chini kwenye kwato hawakuwa na habari nayo. Na ngozi, ambayo ilimwona kila anayeingia, haikuwa na ulimi.

Enzi hizo kwenye miteremko ya Rungwe, ambako mvua hunyesha mpaka kuni hukaushwa darini juu ya moto, aliishi mjane mmoja jina lake Tusekile. Tusekile alijua mambo ya watu. Alijua nani kanuniana na nani, na nani kapika nini na kwa nini kafunga mlango alipokuwa akila. Ni yeye aliyesema kisimani, watu wote wakisikia, kwamba mke wa mkuu wa kijiji huongeza maji kwenye maziwa ya wageni. Ilikuwa kweli, na hapo ndipo alipoponzeka. Uongo wangemsamehe. Wakamsusa: haombi moto akapewa, haazimi kinu, wala hapati tone la maziwa kwa jirani.

Kususwa angekuvumilia. Lakini binti yake alifariki akijifungua, akamwachia mjukuu wa kike, Bupe, bado laini kama ute. Bupe aliishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja tu aliyekuwa bandani, ng'ombe aliyeitwa Tulivu. Akifa Tulivu, na Bupe naye basi.

Sasa watu wa huko walikuwa na majivuno yao. Samadi hawakuitoa bandani. Waliiacha irundikane, na mpita njia akiona ng'ombe wamezama mpaka magotini husema, "Hapa pana mali." Tusekile, kwa kuwa alidharauliwa, aliiacha yake ipande kuliko ya wote, ili wanaompita wakiwa wamenuna waumie roho. Kumbe ndani ya tope lile lisilopata hewa kulikuwa na wezi wadogo wasioonekana, wembamba, waliojisokota kama vile vikono vya mboga ya maboga vinavyoshika uzio. Ngozi ya mguu ikilowa muda mrefu hulainika kama mkate kwenye chai. Wezi hao wakajisokota, wakapenya.

Asubuhi moja maziwa yalipungua. Bupe alilia na kibuyu kitupu. Tusekile akampapasa Tulivu kiwele, akampapasa tumbo, asione kitu. Mwisho akainua mguu wa nyuma, akaupangusa kwa majani ya mgomba. Nyuma, juu kidogo ya kisigino, palikuwa na kidonda chekundu chenye vijipele kama tunda la forosadi, nywele zimesimama pembeni yake. Harufu usiseme. Na ng'ombe anacheua tu, hana habari.

Siku hizo mtu aliweza kuweka mdomo kwenye ngozi akasema na waliomo ndani. Tusekile akauweka mdomo wake kwenye tezi ya juu ya goti.

"Hodi humo!"

"Nani anayepiga kelele watu wakila?" ilijibu sauti ya mkubwa wa walinzi.

"Mna wezi mguuni."

"Mguu haujalalamika."

"Mguu una mdomo? Inukeni, ninyi! Mmenenepa matako, nyumba inabomolewa!"

Vicheko vikalipuka humo ndani, maana hakuna aliyewahi kuwasema hivyo. "Haya mama, huyo mwizi anafananaje? Hatuwezi kukamata tu kila mtu."

Hapo Tusekile aliulizwa kazi anayoiweza. Jicho lake la umbeya lilikuwa limemwona mwizi pale kidondani, asipoonwa na mtu mwingine, naye akawaeleza alivyo kuanzia utosini: wembamba wake, alivyojisokota, anavyoukimbia upepo, na vazi lake la rangi ya tope bichi. Walinzi wakanoa silaha za kumkamata mwenye vazi hilo, wakashuka mbio. Wengi mno, njia nyembamba. Mguu ukajaa, ukavimba, ukawaka moto kwa vishindo vyao. Na Tulivu, kwa mara ya kwanza tangu ng'ombe waumbwe, akalia kwa maumivu na kunyanyua mguu.

Kijiji kizima kilikuja kutazama. Shemeji yake, Asegelile, ndugu wa marehemu mumewe, alikuja na panga.

"Ndaga," akasalimu kwa lugha ya kwao. "Pole, shemeji. Ila ng'ombe anayetembea kwa miguu mitatu ni kitoweo. Tusubiri aoze?"

"Haozi. Anapigana."

"Anapigana na nani? Shemeji, hata ng'ombe sasa umemtia maneno!"

Watu wakacheka. Tusekile akakaa mlangoni mwa banda, Bupe mgongoni. "Ukitaka kumchinja, anza na mimi. Halafu huyu mtoto umnyonyeshe wewe." Asegelile alitazama kifua chake mwenyewe, watu wakacheka zaidi, akaondoka na panga lake.

Kidonda kikakauka. Maziwa yakarudi, Bupe akatanuka mashavu. Lakini mvua za masika ziliposhika, lile forosadi likachomoza tena mahali pale pale, na mguu safari hii ulikuwa wa baridi, kimya. Tusekile akakimbilia tezi.

"Mbona mmekaa? Amerudi!"

"Tumepita huko," akasema mkubwa wa walinzi, kwa unyonge. "Tulitafuta mwenye vazi la tope bichi. Hatukumwona."

Kumbe wezi wengine walikuwa wamejichimbia chini kabisa kwenye ngozi, wakabadili mavazi. Tusekile akaanza kuwaeleza upya, akaishia njiani. Alikuwa amechoka. Alimfikiria Bupe, na jinsi yeye alivyozeeka, na wezi wasiozeeka.

"Mama," akasema yule mkubwa, "wewe uko nje, na unalala. Tunahitaji mmbeya wa kukaa humu humu ngozini. Tupe ulimi wako."

Jamani, ulimi! Mwombe mwanamke yule shamba, atakupa. Alikaa kitako kwenye samadi, akalia. Ulimi ndio uliomfanya asuswe na watu, na ndio huo huo uliokuwa mwenzake jioni. Bupe akapiga chafya mgongoni. Tusekile akainuka, akatema mate mguuni mwa Tulivu, na maneno yake yote yakatoka na mate yale. Yakazama ngozini, yakageuka kuwa vijitu vyenye mikono mingi mirefu, vikajipanga chini ya ngozi kama wanawake madirishani. Kimoja kikamshika mwizi, kikang'oa kipande cha vazi lake jipya, kikakimbia nacho mpaka kwenye tezi: "Mmesikia? Mmesikia ya mguuni?" Mguu ukawaka moto.

Tusekile hakusema tena. Bupe alikua, akawa mrefu, mcheshi. Na watu wa kijiji, baada ya kuchoka kukaa bila habari, wakaanza kuja mlangoni kwake mmoja mmoja, na maziwa mkononi, wakimbembeleza awaambie lolote. Alipokea maziwa, akatabasamu, akachukua jembe na kuendelea kuitoa samadi bandani, kazi aliyoianza siku ile ya mate, maana wezi walitoka humo, na walinzi alikuwa amewaona wanavyohangaika.

Na tangu siku hiyo mguu wa ng'ombe ukiugua huvimba na kuwaka moto, naye huchechemea, na tezi ya juu ya goti hutuna, kwa sababu walinzi wamejaa humo wakisikiliza umbeya. Tangu siku hiyo pia mwizi yule hubadili nguo na kurudi kila masika, nao humfuata upya, bila kumaliza. Kwa hiyo ukimwona ng'ombe amenyanyua mguu, usimchape akanyage. Ushike. Ukiwa wa moto, ujue wenyewe wapo kazini na wamechoka. Mtoe kwenye tope, umkaushe, umwache alale pakavu.