Kikapu cha Kuwajibu Majirani

Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyepona saratani ya matiti. Siku ya shukrani kanisani walimpigia vigelegele, kisha jina lake likafutwa kwenye orodha ya wagonjwa wa kutembelewa.

Daktari alimwambia kupona si mwisho. Atembee nusu saa, siku tano kwa wiki, na sahani yake iwe na rangi: mchicha, karoti, nyanya, papai. Hakumwahidi miaka. Alisema tu kwamba wanaofanya hivyo mara nyingi huishi zaidi.

Chakula alikiweza, ingawa kwa mtu anayeishi peke yake fungu moja la mchicha huisha siku ya tatu. Kilichomshinda ni kutembea. Kwetu mtu akitoka, ana anakokwenda. Kila kibaraza kilimuuliza, na "natembea tu" ni jibu la mtu aliyechanganyikiwa. Basi akabeba kikapu kitupu, akasema anakwenda sokoni. Akizunguka shule, anarudi.

Jirani yake, muuza mboga, aliona kikapu kinatoka kitupu na kurudi kitupu. Akawaambia wenzake wa kanisani kwamba mama yule amekwama, anaona haya kuomba. Jumapili wakaja kumi na wawili, wakakijaza kile kikapu mchele, sukari na mafuta, wakasali, wakanywa chai.

Walipoinuka kuondoka, mama akamshika jirani mkono.

"Shoga, sina njaa. Nilikuwa natembea. Ni agizo la daktari."

"Na kikapu?"

"Cha kuwajibu ninyi."

Jirani akacheka. "Si ungesema, jamani."

"Tangu Pasaka nakupita mlangoni kila asubuhi. Unaniuliza naenda wapi. Hujaniuliza naenda na nani."



Wapendwa, sisi ni hodari wa kujaza vikapu. Mgonjwa tunampelekea uji. Aliyefiwa tunalala kwake matangani. Lakini aliyepona, anayejipapasa kila akioga akiogopa uvimbe umerudi, huyo tunamfanyia nini? Tunampigia vigelegele, halafu tunamfuta jina. Nani alilifuta? Si sisi?

Na wewe unayesema humjui mtu wa namna hiyo, kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi chungulia nje. Atapita na kikapu chake. Usimuulize anakwenda wapi.

Vaa viatu.