Utando Aliyekataa Kuitikia Hodi

Akina mama wenzangu, siku ile ndani ya seli moja ya ngozi, kwenye goti la mtoto anayejifunza kutambaa, walikuwepo wanne: Kiini, mtoa maagizo, aliyekaa katikati; Mitokondria, mpishi, anayegeuza sukari kuwa nguvu; Ribosomi, fundi; na Utando, aliyeizunguka seli yote akilinda mlango.

Utando alikuwa na wivu. Kila akichungulia ndani, wote wamemgeukia Kiini. Kiini amesemaje? Kiini anataka nini? Goti likiburuzwa sakafuni, anayekwaruzika ni yeye, na pole hapewi.

"Bibi harusi wenu hajambo?" akamuuliza Ribosomi. "Au bado mnamficha asipigwe na jua?"

"Ana kazi, mwenzangu."

"Kazi ya kukaa."

Basi sukari ilipofika ikabisha hodi, Utando akanyamaza. Ikabisha tena. Kimya. Moyoni anasema, acha Kiini alale njaa, tuone kesho nani ataulizwa habari zake.

Je, mama, hujawahi kusikia hodi ya jirani ukajifanya umelala?

Jiko la Mitokondria likaanza kupoa, ikabaki nguvu ya kazi moja tu. Ribosomi akamwendea Kiini. "Dada, hii nguvu iliyobaki tukupe wewe?"

"Hapana. Mtengenezeeni Utando kiraka," Kiini akasema kwa sauti ndogo. "Ana mpasuko upande wa sakafuni. Na leo yuko kimya sana, labda anaumia."

Ribosomi akakitengeneza, akampelekea, akisema Kiini ndiye aliyekiagiza. Utando akakitazama, kisha akatazama viraka vya zamani vilivyomjaa mwilini. Vilifanana. Siku zote alidhani anapona mwenyewe.

"Hivi vyote kaagiza yeye?"

"Ulidhani anakaa tu?"

Utando akageukia nje, akaiambia sukari, "Karibu, ingia."

Sisi nasi tunamwonea wivu mwenzetu anayeitwa mbele, anayesifiwa na mumewe watu wakisikia. Tunamnyima hata salamu. Lakini ule uji uliokuwa mezani wewe ulipotoka kujifungua, uliuliza kaupika nani? Na usiku mtoto wako alipochemka homa, unajua ni nani aliyekutaja katika sala yake? Kabla hatujamfungia mtu mlango, tujikague kwanza mahali tulipotiwa viraka.

Seli ile ilipona, na siku chache baadaye ikagawanyika, zikawa mbili.