Mlango wa Mama Sikitu na Sheria Moja

Hapo zamani za kale, na msicheke, maana hadithi hii hunipandisha hasira, palikuwa na nchi tatu jirani: ya Tembo, ya Kiboko na ya Nguchiro. Kila nchi na desturi yake ya mirathi. Kwa Tembo, mume akifa, nyumba huchukuliwa na jirani mkubwa kuliko wote. Kwa Kiboko, huchukuliwa na aliyelia kwa sauti zaidi msibani. Kwa Nguchiro, mjane hubaki na wanawe.

Tembo akaitisha mkutano. "Wanyama wanaoa huku, wanafia kule, vurugu tupu! Tuwe na sheria moja!"

Sheria ya nani? Yake, bila shaka! Kiboko akashangilia, kwani kwao mkubwa ni yeye.

Mama Sikitu, nguchiro mwenye watoto wadogo, alikuwa amefiwa na mume juzijuzi. Jirani yake mkubwa ni Tembo huyohuyo. Akasimama kwa hasira.

"Mzee Tembo, wanangu walale wapi?"

"Sheria ni sheria, mama."

"Haya. Lakini na sisi tutie neno letu. Kwetu mrithi huingia kwa mlango, akakaa ndani, akala chakula cha msiba. Habomoi hata chembe ya udongo."

"Hilo tu? Litiwe!" Tembo hata hakumtazama. Wakubwa hawa! Lini wameuliza nyumba ya mdogo ikoje?

Kesho yake, puu! puu! Tembo huyo kwenye kichuguu anamoishi Mama Sikitu, na Kiboko shahidi wake.

"Karibu ndani, mrithi," akasema Mama Sikitu. "Chakula kinapoa."

Tembo akaingiza mkonga. Kichwa kikagoma. Akasukuma, ng'we! ng'we! Wapi!

"Nakibomoa!"

"Thubutu!" Kiboko akafoka. "Nyumba za kina Pofu, wale swala wakubwa kule kwetu, zina milango mipana, nishazitolea macho. Ukivunja sheria hapa, na kwetu haitashika; mimi nitarithi nini?"

"Nyamaza, mlafi!"

"Mlafi wewe!"

Wakavaana, vumbi likatimka, mpaka wakachoka. "Basi!" Tembo akahema. "Sheria moja imekufa. Kila nchi na yake!"

"Mngeniuliza mapema, msingeumizana," akasema Mama Sikitu, akawaita wanawe waje kula.

Nanyi wanangu mkumbuke: ukitaka kuwatungia wote sheria moja, kwanza waulize wadogo wanaishije.